Si Yeye, Mama

Goma, Majengo, tarehe 6 Aprili 2025

Kwa yaya wangu, kaka yangu mukubwa Buhendwa,

Nakusalimia wewe na muke wako Christa, watoto wote, na zaidi Mama yetu. Mupe asinge yangu, ile salamu ya kwetu, na umushike mikono yote miwili wakati unamupa. Sisi huku tuko, tunashukuru Mungu. Binti yangu Vanessa amerudi masomoni. Mvua ni nyingi. Upepo umetupa bati la jirani ndani ya kiwanja chetu, lakini halikuumiza mutu.

Barua yako nimeipata. Munguakonkwa, yule kijana anayetubebea barua, alishuka ku boti akaileta mwenyewe mpaka mulangoni. Umefanya vizuri kuandika. Kwa simu Mama anakaa karibu yako na kila neno analisikia. Kwa karatasi tunaweza kuongea wawili.

Unaniuliza kama nitakuja Bukavu kwa misa ya kumukumbuka Papa, marehemu baba yetu. Yaya, sitaweza. Boti haina uhakika, leo inatoka, kesho wameifunga. Tena kuna biashara. Tangu mapigano ya Januari yaingie muji, meza yangu ya vitenge kule Birere haiko tena, na hiki kidogo ninachouza mbele ya nyumba, nikiondoka, kitaanguka.

Muguu umepona. Mama asiwaze sana. Mwambie bombu ilinigusa kidogo tu na kidonda kimefunga.

Unisomee sala moja siku hiyo, kwa jina langu.

Mimi mudogo wako,
Nshobole Clarisse


Bukavu, tarehe 29 Aprili 2025

Mudogo wangu Nshobole,

Salamu nyingi toka kwetu sote. Christa alikuwa na malaria, sasa anaamka. Mutoto wetu wa mwisho ameota jino na anauma kila kitu, hata rozari ya Mama. Habari za kazi ni zile zile: mimi ndiye sekretari wa parokia, mimi ndiye mwandishi wa ubatizo, na Jumapili mimi ndiye musomaji wa matangazo.

Misa ya Papa yetu tuliifanya. Watu walijaa. Mama alivaa kile kitenge cha kijani ulichomutumia, akaacha nafasi tupu pembeni yake ku benchi. Kila aliyetaka kukaa, Mama aliweka mukono pale akasema: "Kuna mutu." Misa yote nafasi ikabaki tupu, na watu wengine wamesimama. Sitakuficha, nilikukasirikia.

Kila anayetoka Goma namuuliza habari zako. Munguakonkwa anasema alikukuta umekaa. Mara nyingine tena, umekaa. Nikamuuliza: "Lakini anatembea?" Akanijibu: "Yaya, mimi ninaleta barua tu." Hilo ni jibu gani?

Mama anataka foto yako, na anataka umesimama. Tafuta mutu mwenye telefone nzuri akupige moja, mupe Munguakonkwa. Kama ni shida ya vazi, sema.

Ndugu yako,
Buhendwa


Goma, tarehe 8 Juni 2025

Yaya,

Salamu kwako na kwa nyumba nzima. Nafurahi Christa ameamka. Nimechelewa kujibu, unisamehe. Hapa bei ya makala ya kupikia imepanda, na wale waliokuwa kambini Mugunga, kambi zilipovunjwa, wengine wamerudi Masisi na wengine wamejaza kartiye, mitaa yetu hii. Kuna familia moja ku salon, sebule ya jirani, watu wa ng'ombe wasiokuwa na ng'ombe tena. Wanatusaidia kuteka maji.

Foto sina. Telefone zilizoko huku ni za tochi.

Habari ingine: shirika moja la misaada limepita Majengo. Nimefanya nao kazi ya siku moja, nikapata unga, mafuta na sabuni. Usiniulize kazi gani. Tulikuwa na haja ya unga.

Vanessa anakusalimia. Si yeye aliyesema nikuandikie hivyo, naandika mimi. Siku hizi hasemi nami isipokuwa "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama", na akila anatazama mulango. Ni umri, nafikiri. Wako alipofika umri huu mulifanya namna gani?

Mwambie Mama muguu uko vizuri.

Nshobole


Bukavu, tarehe 21 Julai 2025

Nshobole,

Tuko wazima. Wewe sikuulizi, nimekuona.

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya pili, wageni wa shirika waliomba ukumbi wa parokia waonyeshe video ya kazi yao huko Goma, kisha tutoe mchango. Walitandika shuka nyeupe ku ukuta. Mimi mwenyewe niliwatafutia misumari. Ukumbi ulijaa, Abe, padri wetu, alikaa mbele, mimi na Mama nyuma yake.

Tukaona mwanamuke anatambaa juu ya mawe meusi. Muguu mumoja haupo, kitenge kimefungwa fundo pale. Anajivuta kwa mikono kama mutu anayetoka mutoni. Sauti ikasema: "Mama huyu hana njia nyingine ya kwenda popote." Halafu akainua uso.

Tangu Januari umetambaa, na mimi nasoma hapa kwamba kidonda kimefunga! Mutu wa benchi ya nyuma yetu alilia. Watu walitoa kwa ajili yako sadaka wasiyotoa Pasaka. Ulitaka tujifunze kwa ukuta, pamoja na wapita njia? Hatuna mikono ya kukubeba sisi? Ni aibu gani hii umetuvalisha?

Mama alitoka nje kabla video haijaisha.

Buhendwa


Goma, tarehe 3 Agosti 2025

Yaya,

Nakusalimia, na Christa, na watoto. Kwa Mama sijui tena nipitishe salamu gani. Vanessa amepita darasa. Nilikaa na barua yako chini ya godoro, kila nikilala naihisi. Sasa nakujibu.

Siku ile ya bombu nilikuwa Birere nakunja vitenge haraka, maana watu wote walikuwa wanakimbia. Sikusikia kishindo. Niliona tu vitenge vyangu viko juu hewani, vimefunguka, na nikawaza: nani atavikusanya? Vijana wawili nisiowajua walinilaza juu ya chukudu, lile gari la mbao wanalobebea viazi, wakanisukuma mpaka hospitali. Kule wagonjwa walikuwa wanalala mpaka ku bustani. Daktari alipofika kwangu muguu ulikuwa umeshaanza kunuka. Akasema: "Mama, tuchague, muguu ama wewe." Nikasema mimi. Walikata juu ya goti.

Kwa nini sikuwaandikia? Mara ya kwanza nilikuwa namulinda Mama na tension yake, ile presha ya damu. Mara ya pili nilikuwa najilinda mimi. Nilitaka kuwe pahali pamoja duniani ambapo bado niko na miguu yote miwili, na pahali hapo palikuwa kwenu.

Lakini sikia vizuri, yaya: mimi sitambai. Hospitalini walinipa magongo mawili na wakanifundisha. Tangu Machi natembea. Polepole, kwa sababu mawe ya volkano ya Majengo hayamuhurumii hata mwenye miguu miwili, lakini natembea. Bombani kuteka maji naenda, kanisani naenda.

Katika Mei akaja Héritière, binti wa lile shirika anayeandikisha walemavu wa kartiye yetu. Ana roho nzuri, anajua mpaka majina ya kuku zetu. Siku hiyo alikuja na mwanaume mwenye kamera. Walinipiga video nikitembea na magongo toka nyumbani mpaka bombani. Yule mwanaume akatazama ndani ya kamera yake, akatikisa kichwa.

"Mama Clarisse, hivi unaonekana unajiweza."

"Ninajiweza," nikamwambia.

"Ndiyo, lakini wanaotoa musaada wako mbali sana. Wakiona unajiweza, watafunga mufuko. Kabla ya magongo ulikuwa unafanya namna gani?"

"Nilikuwa nalala."

"Haukutambaa hata siku moja?"

"Mara moja. Ndani ya nyumba."

"Basi, tuonyeshe hiyo mara moja. Lakini inje hapa, kwenye mwangaza."

Héritière alikuwa anatazama chini. Akasema kwa sauti ya chini, "Kama Mama hataki, tuache." Yule akamujibu kwamba si kwa faida ya mama mumoja, ni kwa walemavu wote wa Majengo. Na mimi nikawaza Papa Damien, kipofu anayekaa nyuma yetu, ambaye kila wakigawa chakula anarudi mikono mitupu. Niliwaza pia unga. Sitaki udhani niliwaza Papa Damien peke yake.

Nikaegemeza magongo ku ukuta, nikashuka chini.

"Rudia, Mama. Usitazame kamera. Tazama mawe."

Nikarudia. Nikarudia tena. Majirani walikuwa wametoka kutazama, wale wale wanaoniona kila siku natembea. Halafu nikaona viatu vya Vanessa. Alikuwa ametoka masomoni. Hakulia, hakuniita. Alichukua magongo yangu pale ku ukuta, akaingia nayo nyumbani, akafunga mulango.

Kwa hiyo mara ya mwisho nilitambaa kweli, yaya. Mpaka mulangoni. Na kamera ilikuwa haijafungwa. Uso uliouona ku shuka yenu ni uso wa wakati ule.

Sijui kama hii ni afadhali ama ni mbaya kuliko ulivyodhani.

Sasa wewe niambie kitu kimoja. Umeandika Mama alitoka nje. Kabla ya kutoka alisema nini? Namjua Mama, hawezi kutoka bila neno.

Nshobole


Bukavu, tarehe 25 Agosti 2025

Mudogo wangu mupendwa,

Pokea salamu zetu. Christa amelia juu ya barua yako mpaka wino ukatoka. Mimi nakuomba musamaha kwa yale makali niliyoandika. Sikujua.

Kuhusu Mama, siku ile kulikuwa na kelele ukumbini, sikusikia vizuri alichosema.

Anaendelea vizuri kiafya. Ila siku hizi hali tena mezani pamoja nami. Anachukua sahani yake anakula jikoni na wajukuu. Nilimusomea barua yako yote, kwa sababu sasa hakuna cha kuficha, akasikiliza mpaka mwisho, akasimama, akaanza kufunga mizigo. Nilisema nitamusindikiza Goma. Akanijibu: "Wewe baki na parokia yako." Sijui amekasirikia nini. Wazee wana mambo yao.

Nimemukabidhi kwa Munguakonkwa. Anakuletea maharagwe, na dawa zake za tension ziko ndani ya kile kikopo cha maziwa. Asizisahau.

Unisalimie Vanessa.

Buhendwa


Goma, tarehe 21 Septemba 2025

Yaya Buhendwa,

Salamu kwenu. Mama alifika salama, maharagwe yalifika, dawa anameza kwa sababu Vanessa anamusimamia kama polisi. Barua hii nimeianza na kuiacha tangu wiki ile ya kwanza. Leo lazima iende, boti inatoka kesho.

Nilimungoja mulangoni, nimekaa. Alishuka ku pikipiki, akamulipa kijana, akanisimamia mbele. Hakunisalimia.

"Simama."

Nikasimama na magongo yangu.

"Tembea."

Nikatembea mpaka ku pipa la maji, nikarudi.

"Basi nilisema kweli," akasema. "Nilimwambia Christa: mutoto wangu si wa kutambaa, kuna kitu wamemufanya." Ndipo akanikumbatia, na tulikaribia kuanguka wote wawili.

Kisha alitaka kuuona muguu. Mimi huwa naufunga mwenyewe, nimegeukia ukuta, hata Vanessa alikuwa hajauona. Mama aliweka maji moto, akafungua kitambaa, akauosha kama unavyoosha mutoto wa wiki moja, huku ananigombeza kwamba nafunga vibaya, kwamba nimekonda, kwamba sabuni ya huku ni ya kufulia. Nililia, si kwa maumivu. Vanessa alikuwa amesimama pembeni ya pazia. Mama akamwambia bila kugeuka: "Wewe, shika beseni." Akashika. Maji yakamwagika, lakini hakuachilia. Jioni ile aliniletea magongo kitandani, mimi sijaomba.

Sasa yale ya ukumbi.

Mama amenielezea. Anasema nilipoinua uso ku ukuta, alisimama akasema kwa nguvu: "Huyu ni mutoto wangu! Nshobole!" Watu wakageuka, Abe pia akageuka. Na wewe ukamushika mukono, ukamuvuta, ukamwambia: "Kaa, Mama. Si yeye." Akasema ni yeye. Ukawaambia watu: "Musimujali, ni uzee. Dada yangu wa Goma ni muzima." Anasema ulicheka kidogo wakati ulisema hivyo. Ndipo alitoka inje.

Hukusikia vizuri kwa sababu ya kelele, yaya?

Mama anasema: "Petro angalau aliogopa askari. Buhendwa aliogopa benchi ya mbele."

Nilikuwa na hasira ya kukutupia jiwe kuvuka ziwa. Halafu hasira ikanipotea mapema kuliko nilivyotaka. Kila nilipokuandikia kwamba muguu umepona, nilikuwa nasema nini? Nilikuwa nasema hivyo hivyo: yule mwenye muguu mumoja, si mimi. Wewe ulinikana Jumapili moja. Mimi nilijikana tangu kabla ya Pasaka.

Lakini si sawa sawa, hapana. Mimi nilikuwa nakana muguu wangu. Wewe ulikana dada, na Mama akawa mwenda wazimu mbele ya watu. Hilo sitalifunika.

Héritière amerudi. Walitaka video ya pili, yenye kuonyesha mabadiliko: nipewe baiskeli ya magurudumu matatu, nicheke. Mama alikuwa amekaa pale anachambua maharagwe. Nikasema: "Sitaki. Na ile ya kwanza muitoe." Mama aliendelea kuchambua. Héritière akasema alishaandika kwa wakubwa wake, wao wameitoa, lakini iliyoko ndani ya telefone za watu hawawezi kuitoa. Kweli, huku watoto wananiita "Video". Halafu akasema: "Siku ile nilipaswa kusema kwa nguvu. Nilisema kwa sauti ya chini ili nisikike kwako na yeye asinisikie." Nikamuheshimu kwa hilo. Wewe mpaka leo haujasema.

Nikamwambia kama anataka kutufaa, aache kamera, aje aone pale wanapogawia chakula. Ni kiwanja cha shule: ngazi, halafu mawe yaliyovunjika, halafu mustari wa watu wanaosukumana. Tulienda naye, mimi, Papa Damien na mama mumoja wa Masisi anayebebwa mugongoni na muume wake. Héritière mwenyewe alijikwaa akachanika kiatu. Papa Damien alisikia akauliza, "Nani ameanguka? Ni mumoja wetu?" Tukacheka, na yeye akacheka. Mwezi huu wamehamisha ugawaji pembeni ya barabara, pahali palipo sawa, na sisi walemavu tunapokea wa kwanza. Choo bado kina ngazi. Tunaendelea kusema.

Njoo Goma, yaya. Usilete kitu. Nataka tutembee Birere, mimi na wewe, mchana, watu wakiwapo.

Mudogo wako,
Nshobole


Bukavu, tarehe 19 Oktoba 2025

Mudogo wangu Nshobole,

Nilifika salama toka kwenu. Ziwa lilikuwa na mawimbi, nilitapika kama mutoto mbele ya watawa wawili. Christa anashukuru kwa viazi. Musalimie Mama, kama anaruhusu.

Kule kwako nilikula, nililala, niliomba musamaha kwa Mama na kwako, na Mama alisema "nimesikia", hakusema zaidi. Mulinitendea kama mugeni wa heshima, na kila sahani ilinichoma. Lakini kuna jambo sikulisema nikiwa kwako, na nikilinyamazia litakuwa kama lile la ukumbi.

Ni juu ya matembezi yetu ya Birere. Tulianza vizuri, pamoja, nilikuwa nafuata mwendo wa hatua zako. Tulipofika kwa wauza vitenge, wale wanawake wenzako walisimama kukusalimia, na vijana wa pikipiki waliokuwa wamekaa pale wakatazama muguu wako. Kisha wakanitazama mimi. Sijui kilichoniingia. Nilikuwa nimevuka ziwa zima kwa ajili ya jambo hilo moja tu, na miguu yangu ikaanza kwenda mbele yenyewe. Nikawa natembea kama mutu aliyekuja peke yake kununua msumari. Nilisikia magongo yako nyuma yangu, na sikupunguza mwendo.

Ndipo ukaniita. Niligeuka nikakuambia nilikuwa nakutafutia njia isiyo na matope. Ulisema "asante, yaya". Nshobole, sikuwa natafuta njia. Nilikuona aibu, tena, baada ya yote. Nilidhani nikiomba musamaha aibu itatoka kama pepo. Haitoki. Inakaa ndani ya miguu.

Jumapili hii, baada ya kusoma matangazo ya ndoa, nilibaki mbele. Niliwaambia: "Mwanamuke muliyemuona ukumbini anatambaa ni dada yangu, mutoto wa mama yangu. Anaitwa Nshobole. Mama alisema kweli, mimi nilimukana. Na dada yangu hatambai, anatembea. Walimwambia ashuke chini." Sauti yangu ilikuwa ndogo. Muzee mumoja wa nyuma akauliza jirani yake, "Amesema ndoa ya nani?" Ikabidi nirudie yote tangu mwanzo, kwa nguvu, na mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Hakuna aliyenipongeza. Waimbaji walianza wimbo mapema ili nitoke pale.

Nimekuambia haya siyo ili unisifu. Nilitaka tu ujue ni mutu gani uliyetembea naye.

Buhendwa


Goma, tarehe 2 Novemba 2025

Yaya,

Salamu kwako, kwa Christa na watoto. Tumerudi sasa hivi makaburini, kuombea marehemu wetu. Tulienda kwa mwendo wangu, Vanessa akiimba. Mama anaruhusu salamu zako. Anauliza kama unakula vizuri, lakini usimwambie nimekuandikia hilo.

Kuhusu Birere, nilijua. Mutu akikutangulia, wewe uko ku magongo, mugongo wake unakuambia kila kitu. Nilikuona unaondoka, na nikawa na vitu viwili vya kufanya: kunyamaza, ama kukuita. Kama ningetaka tu usimame, ningesema "ngoja", ungesikia.

Lakini wauza vitenge wote pale wananijua mimi, wewe hawakujui. Vijana wa pikipiki pia hawakujui. Ndiyo maana nilivuta pumzi yote niliyokuwa nayo nikapaza sauti: "Yaya Buhendwa, mutoto wa mama yangu, nisubiri!" Nilitaka Birere yote ijue wewe ni ndugu ya nani.

Na uligeuka.

Nshobole